Dakika Ishirini na Sita

Lukenge, juu ya Kinole
14 Februari 2024

Mpwa wangu Hidaya, binti wa marehemu dada yangu,

Asalaam aleikum. Huku mlimani tu wazima sote, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake. Mkaza mjomba wako Mwaisha anakusalimu, anasema mananasi mwaka huu yamekubali. Mbuzi mweupe kazaa pacha, mmoja anafanana na mwenyekiti wa kitongoji, lakini hilo usimwambie mtu.

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu uliyoninunulia ninayo. Hidaya, simu hii inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya lile jiwe mbele ya duka, na ukitaka kusikika lazima upaze sauti kama mwadhini. Mwezi uliopita nilikupigia kukuuliza dawa ya tumbo kufunga. Mpaka leo watu nikikutana nao njiani wananiuliza kama nimepata choo. Kwa hiyo mambo ya ukoo nitayaandika, nimkabidhi Shabani wa fuso la ndizi, na wewe unijibu kwa mkono huohuo.

Mambo ni mawili. La kwanza ni miwani yangu iliyo kwa fundi hapo mjini tangu mwezi wa kwanza. Juzi nimemwamkia Shabani shikamoo nikidhani ni imamu. Naye akaitikia!

La pili. Mwaisha alikuwa sokoni Jumamosi na mananasi yake. Anasema ameona Vitz nyeupe imezungukwa na watu, kioo kimevunjwa, askari wa kike kampakata mtoto mwenye umbo la Raya wetu. Hakuweza kuacha biashara asogee, na alipopata nafasi gari lilikwishaondoka. Nikamwambia Vitz nyeupe Morogoro ni nyingi kama kuku. Akaniuliza, zenye stika ya "Dua la Mama" kioo cha nyuma ni ngapi?

Sijakasirika. Nauliza tu.

Mjomba wako,
Stambuli

*

Kilakala, Morogoro
21 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe shikamoo na mkaza mjomba, na hongera ya pacha. Sisi hatujambo. Yunusi kaanza chekechea, anaimba namba mpaka kumi na tatu, halafu anarudi moja kwa sababu anasema kumi na nne haipendi. Raya anaota magego, analia tangu magharibi mpaka alfajiri, mchana anacheka na kila mtu kana kwamba hakufanya kitu. Kazi maktaba kule Mazimbu inaendelea. Baba Yunusi bado yuko Kisaki na wapimaji wenzake, amesema atakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi gani hakusema.

Miwani hiyo hapo, nimeifunga na kitambaa. Fundi amebadilisha mkono mmoja, usishangae ukiona rangi mbili.

Habari ya Vitz ni kweli, lakini imekuzwa. Nilikuwa nafuata hiyo miwani. Watoto walikuwa wamelala nyuma, nikaona nikiwaamsha itakuwa vita, nikateremsha kioo kidogo, nikafunga mlango, nikaingia dukani. Dakika tano tu. Niliporudi nikakuta watu wa Morogoro na haraka zao wamekwishaita polisi, na kijana mmoja wa bodaboda kavunja kioo kwa tofali. Watoto wazima, hawana hata mkwaruzo. Polisi wakaandika maelezo, tukasalimiana, basi.

Kuna kitu kidogo tu wanataka, kuwa mzee wa familia aje kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, atie saini ya kunidhamini. Lakini hilo halina haraka, usijisumbue na goti.

Wako,
Hidaya

*

Lukenge
3 Machi 2024

Mpwa wangu,

Aleikum salaam. Ramadhani inabisha hodi, Mwenyezi Mungu atufikishe. Huku mvua za kwanza zimegusa, barabara bado inapitika. Mwenyekiti wa kitongoji kaja kumwona yule mwanambuzi, akakaa naye muda mrefu sana.

Miwani imefika, nashukuru. Naona mpaka sisimizi ukutani. Kwa hiyo barua yako nimeiona vizuri, na yale maneno "dakika tano" nimeyaona vizuri zaidi.

Mwaisha si mtu wa saa. Ni mtu wa mananasi. Anasema Vitz ilipoegeshwa alikuwa na mananasi thelathini. Kioo kilipovunjwa alikuwa amebakiza saba. Hidaya, mananasi ishirini na matatu hayaishi kwa dakika tano hata ukigawa bure! Mimi nimekaa na mwanamke huyu miaka arobaini, najua anavyobishana bei.

Sasa nisikilize kama mtoto wa dada yangu. Sisi Waluguru mtoto ni wa tumbo la mama, na msemaji wake ni mjomba. Hilo hata polisi hawawezi kulifuta. Mzee wanayemtaka ni mimi. Nitashuka, nitasaini, nitawaambia maneno mawili matatu ya malezi ambayo yatawafaa hata wao. Kwetu mtoto haachwi peke yake. Mtoto akiachwa na mama anabebwa na bibi, bibi akichoka anamkuta shangazi, na wote wakikosekana anafungwa kwa kanga mgongoni mwa yeyote anayepita.

Lakini nina sharti. Yunusi na Raya wapande huku mlimani walelewe nasi. Si siku mbili. Mpaka hapo nitakapoona mama yao amejifunza. Kuna hewa, kuna maziwa, hakuna gari. Lete watoto, nami nitashuka kusaini.

Mjomba wako asiyependa maneno mengi,
Stambuli

*

Kilakala
17 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natanguliza shikamoo mapema kwa sababu barua hii ina maneno.

Ramadhani Karim kwenu. Yunusi anafunga mpaka saa nne asubuhi, halafu anafuturu chapati na kutangaza mtaa mzima. Jino la Raya moja limetoka, bado matatu. Kioo cha Vitz nimeweka kipya, lakini vipande bado navikuta chini ya viti.

Mjomba, watoto wangu hawapandi. Nimekaa na barua yako siku nne ili hasira ipungue, na haijapungua. Mama yangu yuko kaburini. Mume wangu yuko Kisaki na mitambo ya kupimia ardhi. Ukichukua na hawa wawili, nitabaki naongea na friji. Kosa nimelifanya, nakiri. Haya, si dakika tano, ni kumi. Lakini adhabu ya mtu aliyeacha watoto dakika kumi, ni watoto kumwacha yeye mwaka mzima?

Tena lile jambo nililosema halina haraka, lina haraka. Afande Furaha, yule wa dawati la watoto, amenipa mpaka Jumatatu tarehe kumi na tano Aprili, Idd ikishapita. Mzee asipofika, jalada linakwenda ustawi wa jamii, na huko wataanza kunichunguza kama nafaa kukaa na wanangu. Usiku nikifumba macho naliona lile jalada.

Alitaka kwanza nimlete mzee wa ukoo wa baba yao. Nikamwambia, afande, kwetu mzee wa mtoto ni mjomba. Akaweka kalamu chini. Yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, watani zetu wa jadi. Akasema, "Nyie Waluguru mna mambo! Haya, mlete huyo mjomba, nimwone mtani wangu." Sijui kama ilikuwa ruhusa au kejeli, lakini aliandika jina lako kwenye jalada kwa wino.

Nakuomba, Mjomba. Kwa hisani ya mama yangu. Nitamleta Yunusi ale Idd kwenu wiki moja, yeye peke yake, wewe umrudishe ukija kusaini. Zaidi ya hapo usiniombe.

Hidaya

*

Lukenge
19 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Asalaam aleikum. Natumai Idd ilikwisha salama upande wenu. Huku mvua ni kubwa, migomba miwili imelala, Mwaisha ana mafua. Goti langu halijambo, la ajabu ni kwamba mteremko linaupenda.

Kama ulivyokwishaona nilipokukabidhi Yunusi pale getini Mazimbu, nilishuka Ijumaa tarehe kumi na mbili badala ya Jumatatu, kwa kuwa fuso la Shabani lilikuwa na mzigo. Kituoni nilipitia. Nimesaini. Yamekwisha. Afande Furaha ni mwanamke mwenye adabu, ingawa ni Mnyamwezi. Nilimpelekea jogoo.

Sikuweza kupita nyumbani kwa chai kwa sababu Shabani alikuwa na haraka. Kofia yangu ilipeperushwa na upepo mjini, usihangaike kuitafuta. Yunusi akisimulia lolote, kumbuka ni mtoto, na watoto wana mawazo mapana.

Habari ya watoto kupanda mlimani tuiweke kando kidogo kwa sasa. Barabara mbaya.

Stambuli

*

Kilakala
27 Aprili 2024

Mjomba wangu kipenzi, shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu hiyo hapo,

Mafua ya mkaza mjomba yameisha? Nimempelekea tangawizi ya unga, najua mnalima ya kwenu, lakini hii ina kopo zuri. Ndani ya mfuko huohuo utakuta kofia yako. Upepo umeirudisha.

Yunusi hakusimulia kitu siku mbili. Siku ya tatu, katikati ya kula, akasema, "Mama, mimi nililala polisi kwenye ndizi. Afande kanipa biskuti. Babu kasema hatujaenda polisi."

Jumatatu nikaenda kituoni. Afande Furaha aliponiona tu akaanza kucheka, akatoka nje kujifuta machozi, akarudi, akacheka tena. Akaniambia, "Mjomba wako tumemalizana naye. Tena mara mbili." Akanifungulia jalada. Mjomba, kuna saini zako mbili. Moja ni ya mdhamini wa Hidaya. Nyingine ni ya mtuhumiwa.

Kumbe ulimwacha mwanangu amelala kwenye chumba cha dereva cha fuso, vioo vimefungwa, pale getini polisi, ukaingia kuwafundisha malezi! Naye Shabani, aliyesema atamwangalia, akaenda zake kunywa supu. Afande anasema uliongea nusu saa. Ulipofika kwenye ule mstari wako wa kwetu mtoto haachwi peke yake, anabebwa na bibi, bibi akichoka anamkuta shangazi, ndipo askari wa getini akaingia amembeba Yunusi, jasho linamtiririka, mkononi ganda la ndizi, akauliza, "Huyu wa nani?"

Anasema ulivua miwani ukaifuta, ukamtazama tena.

Halafu ukamwambia mtani hamfungi mtani. Akakujibu utani uko nje ya kaunta, ndani ya kaunta kuna sheria. Maelezo yako nimeyasoma mwenyewe, kwa ruhusa: "Mtoto hakuwa peke yake, alikuwa na mikungu arobaini." Mjomba! Nimecheka mpaka afande mwingine akaja kuuliza kuna nini. Na ulipotoka nje ya kaunta ndipo mtani wako akakuvua kofia, akasema ni faini ya Wanyamwezi. Amenipa nikurudishie. Jogoo hakumpokea, kamrudisha kwenye fuso, na amesema katika jalada langu ameandika onyo, kazi kwangu sasa, na atakuja nyumbani siku moja kuona tunavyoendelea.

Nilicheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikalia. Nitakwambia kwa nini, kwa sababu sasa sote wawili tumo kwenye jalada moja na sioni aibu tena kwako.

Zilikuwa dakika ishirini na sita. Fundi ana saa kubwa ukutani, na nilikuwa naitazama. Miwani yako ilikuwa tayari tangu dakika ya nne. Afande aliniuliza kama nilisinzia, maana Raya alikuwa hajanilaza usiku wa tatu huo. Nikasema ndiyo. Uongo, Mjomba. Natamani ningekuwa nimesinzia. Nilikuwa macho. Mle dukani kuna kiti cha wateja na feni. Nilikaa. Hakuna aliyeniita mama. Hakuna aliyenivuta nguo. Nikasema dakika moja tu niinuke, na nyingine, na nyingine, na miwani yako mapajani. Niliwaza kabisa kwamba wako garini. Nikaendelea kukaa.

Niliposikia kioo kinapasuka nilijua ni changu. Raya nywele zilikuwa zimegandana kwa jasho, hata kulia alikuwa halii, Afande Furaha anampepea na kofia yake ya kazi. Mpaka leo nikiegesha gari nafungua kwanza mlango wa nyuma.

Hilo ndilo sikutaka ulijue. Ukisema sasa watoto wapande mlimani, sitakuwa na la kujibu.

Hidaya wako

*

Lukenge
24 Mei 2024

Mpwa wangu,

Aleikum salaam. Barua hii imechelewa kwa sababu barabara ilikatika karibu na daraja, na Shabani kalala upande wa pili wiki mbili na ndizi zake. Zilizoiva kala yeye. Mwaisha kapona, anashukuru kwa tangawizi, lile kopo sasa tunatia chumvi. Mwanambuzi yule mwenyekiti kamnunua.

Kuhusu fuso: mtoto aliyelala kwenye fuso la kijijini kwetu hajaachwa, amehifadhiwa. Nililieleza hilo kituoni, hawakuelewa. Nilikubali kusaini ili nisimvunje moyo binti wa watu. Basi, tusirudi huko tena.

Kuhusu zile dakika. Barua yako nilimsomea Mwaisha, kwa kuwa sikujua niifanyie nini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wewe Stambuli, katika watoto wetu watano, umemwogesha yupi?" Nikafikiri. Nilikuwa namkumbuka mmoja, lakini Mwaisha akasema yule alianguka mwenyewe mtoni.

Mimi ni mtu wa haki. Ulikosea, tena kosa kubwa, na nilipofika pale uliposema Raya halii, nilifunga barua nikatoka nje. Lakini siwezi kuhukumu kazi ambayo sijaifanya. Kwa hiyo nimeamua hivi. Tarehe tano Juni nashuka. Wewe chukua likizo uende Kisaki kwa mumeo, naye akumbuke sura yako. Mimi nitakaa Kilakala na watoto wote wawili wiki moja, mimi mwenyewe, bila Mwaisha. Yeye alitaka kuja, nimemkatalia. Watoto wawili tu! Mimi nimewahi kuchunga mbuzi kumi na tisa peke yangu, tena kwenye mteremko.

Wiki ikiisha nitatoa uamuzi wangu kama watoto wabaki kwako au wapande. Nitakachosema ndicho kitakachokuwa, na wewe utakubali.

Mjomba wako,
Stambuli

*

Kisaki
8 Juni 2024

Mjomba wangu, shikamoo,

Nimefika salama, ila huku mtandao haushiki, ndiyo maana naandika. Baba Yunusi anakuamkia. Kakonda, ana ndevu, alipoanza kunikumbatia nikamsukuma nikidhani ni mtu mwingine. Tumekaa nje ya nyumba yao tukisikiliza treni inavyopita, ilikuwa raha tupu. Nimelala saa kumi mfululizo. Nimeamka nikamtafuta Raya chini ya kitanda.

Mjomba, samahani, nilisahau kuandika haya kwenye karatasi ya friji. Raya hali uji wenye ngozi juu. Yunusi usimwambie "subiri kidogo", atakuuliza kidogo ni ngapi. Raya akinyamaza, mfuate. Yunusi akiomba kukuchana ndevu, kataa. Kiberiti juu ya kabati. Funguo za gari juu zaidi. Ukizidiwa, Mama Mercy wa mlango wa pili hana neno, mwite.

Nitarudi Alhamisi kama tulivyokubaliana. Najua utakuwa na uamuzi wako. Sijui nitaupokeaje, lakini nitakuja.

Hidaya

*

Kilakala
11 Juni 2024

Mwanangu Hidaya,

Asalaam aleikum. Nampa barua hii kondakta wa basi la Kisaki, nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, na kama akikukuta unapanga mizigo, akwambie usipange.

Watoto wazima, namshukuru Mungu. Mimi ni mzima kiasi.

Siku ya kwanza nilisema "subiri kidogo" mara moja. Mpaka sasa najibu kidogo ni ngapi. Ngozi ya uji nimeiondoa kwa kijiko, Raya akaitaka, nikairudisha, akaikataa, akalia mpaka adhana. Ndevu zangu zimechanwa, usiniulize imekuwaje. Miwani niliipata ndani ya sufuria ya maharage, imeiva upande mmoja. Usiku Raya anaamka saa nane akiwa na furaha, anataka kuonyeshwa kuku. Kuku gani saa nane? Nimetoka naye nje na tochi, Hidaya, nikitafuta kuku wa majirani, mimi mzee wa ukoo!

Mbuzi kumi na tisa hawakuniita babu hata mara moja.

Jana alasiri nilimwita Mama Mercy. Alikuja akakaa nao barazani, akawapa maharage wayamenye naye. Nikasema naingia chooni. Sikwenda chooni. Nilichukua funguo kule juu ulikoziweka, nikaingia kwenye Vitz, pale kivulini uani. Nilifungua vioo vyote vinne, maana mimi nina historia na polisi. Nikafunga mlango. Nikakaa. Nilikuwa nawasikia barazani, Yunusi anaanza moja mpaka kumi na tatu. Hakuna aliyenigusa. Sikumbuki mara ya mwisho kuona kiti kizuri namna ile.

Sijui nilikaa muda gani. Nikasikia mtu anagonga bati la gari. Afande Furaha, ndani ya sare, kaja kuwatazama watoto kama alivyoahidi. Akainama dirishani, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Mtani, nani kakuacha humu?"

Nikamwambia nimejiacha mwenyewe. Nilitaka niongeze neno la utani, Hidaya, nikashindwa, machozi yakanitoka mbele ya Mnyamwezi. Nilikuwa nakuona wewe kwenye kile kiti cha fundi na miwani yangu mapajani. Nimekuandikia barua za kukunyang'anya wanao, nami sijakuuliza hata siku moja unalala saa ngapi. Dada yangu angekuwa hai angenichapa. Nisamehe, mwanangu.

Afande hakucheka. Akasema, "Kaa tu, mzee," akaenda barazani, akavua kofia, akaanza kumenya maharage na wenzake.

Uamuzi wangu ndio huu. Watoto wanabaki na mama yao. Hawapandi. Tutashuka sisi, mwezi huu mimi, mwezi ujao Mwaisha, kwa zamu, mpaka magego ya Raya yatoke yote na baba yao arudi nyumbani. Mwaisha, niliyemwachia simu, nimempigia asubuhi kwa simu ya Mama Mercy kumwambia. Alikuwa juu ya lile jiwe, kwa hiyo kitongoji kizima kimekwishajua, na wawili watatu wamejiandikisha.

Usirudi Alhamisi. Kaa na mumeo, lala, rudi Jumamosi ili mle Idd ya kuchinja na watoto. Lakini mwanangu, nakuomba kwa jina la marehemu mama yako, Jumamosi usiikose.

Mjomba wako,
Stambuli